Breki ya Mbele Iko Mkono Gani? Tathmini ya Baiskeli ya Mtumba Niliyoinunua Mwanza

Baiskeli ninayoiandikia ni ya kike, ya mtumba, yenye gia tatu na kikapu mbele, na niliinunua mwezi wa saba mwaka jana kwa shilingi 230,000 katika duka moja la baiskeli zilizotumika hapa jijini Mwanza. Tangu siku hiyo nimekwenda nayo kazini, kutoka Mkuyuni hadi mjini na kurudi, karibu kila siku ya kazi, ukiondoa wiki nne ambazo mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Ni baiskeli nzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu jioni iliyoniangusha, na sipendi msomaji adhani kwamba naikataa baiskeli yenyewe. Ninacholalamikia ni kwamba niliuziwa bila kuelezwa jambo ambalo muuzaji angelimaliza kwa nusu dakika, nalo ni kunionyesha breki ya mbele iko mkono gani. Duka sitalitaja, kwa kuwa nimezunguka maduka mengine manne ya aina hiyo tangu wakati ule, na hakuna hata moja ambako nilielezwa jambo hilo bila kuuliza.

Ni vema nieleze mimi ni mpanda baiskeli wa namna gani, maana tathmini ya kijana anayeshindana mbio za baiskeli haiwezi kumfaa mtu kama mimi. Ni mwalimu, nina miaka 43, na ninaogopa magari. Nilijifunza kuendesha nikiwa mtoto huko Misungwi, kwenye Phoenix nyeusi ya baba, nikipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu kwa sababu sikukifikia kiti, katika njia ya vumbi ambayo ng'ombe walikuwa wengi kuliko magari. Barabara ya Kenyatta ni mambo mengine kabisa. Humo yanapita malori yanayokwenda na kutoka Shinyanga, haisi zinazokimbilia abiria wa Nyegezi na Buhongwa, bajaji, na bodaboda wanaopenya upande wowote wenye nafasi. Honi ikilia nyuma yangu mabega hupanda, vidole hukaza usukani, na macho huacha kutazama mbele yakaanza kutafuta pa kukimbilia. Najua kwamba wapo wengi wenye hofu kama hiyo, hasa akina mama wanaotamani kuachana na msongamano wa daladala za jioni, na ni kwa ajili yao ninaandika.

Nilipofika dukani baiskeli zilikuwa zimepangwa safu mbili, zimeegemeana, nyingine bado na vumbi la kontena. Kijana aliyenihudumia alikuwa na heshima na subira. Aliniita mama, akanishushia baiskeli tatu nizijaribu uani, wala hakuniharakisha. Niliipenda hii kwa sababu fremu yake imeinama katikati, hivyo mtu mwenye sketi hupanda na kushuka bila shida, na kwa sababu kiti kilishuka kiasi cha nyayo zangu zote mbili kugusa ardhi nikiwa nimekaa. Kwa mtu mwoga hiyo ni sifa ya kwanza. Nembo ya kiwanda ilikuwa imekwanguliwa, lakini chini ya kiti palibaki karatasi ndogo ya duka la Ujerumani ilikouzwa mara ya kwanza. Gia ni za Shimano, za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa hiyo hakuna vyuma vinavyoning'inia nje na kukamata nguo. Breki ni zile za raba mbili zinazobana rimu kutoka pembeni, zikivutwa kwa waya, na nilipozibana uani nilizibana zote kwa pamoja, kama nilivyozoea, baiskeli ikatulia vizuri. Nililipa nikaondoka nayo.

Kwa miezi miwili sikupata tatizo, na sasa naelewa kwa nini. Nilikuwa naendesha polepole ukingoni mwa lami, mikono yote miwili usukanini, nikibana breki zote mbili kila mara. Nikifika Mkuyuni, ambako nalazimika kuvuka barabara ili niingie kwenye njia ya kupanda nyumbani, nilikuwa nashuka, nasubiri, navuka kwa miguu nikiikokota baiskeli. Jioni ya Alhamisi moja ya mwezi wa tisa nilijisemea kwamba inatosha. Nilikuwa nimeona wanaume na wanawake wakikata kulia pale pale kila siku, wanatazama nyuma, wananyoosha mkono, wanasogea katikati, wanapita. Nikaamua kufanya kama wao.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na robo, jua limeshuka upande wa ziwa na mwanga wake unapiga machoni kila nikipita uwazi kati ya nyumba. Kikapuni nilikuwa na madaftari ya wanafunzi na sato wawili niliowanunua mjini, wamo ndani ya mfuko mbadala. Nilitazama nyuma nikaona haisi iko mbali kiasi, inakwenda taratibu, konda ameegemea mlangoni. Nikanyoosha mkono wa kulia na kuanza kusogea katikati ya barabara. Hapo bajaji iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kushusha abiria, bila kwenda pembeni, na mimi nikafanya kile ambacho mwili wangu ulijifunza Misungwi: nikabana breki ya mkono wa kushoto kwa nguvu zote.

Kwenye Phoenix ya baba, mkono wa kushoto ulikuwa wa breki ya nyuma. Tena zile zilikuwa breki za vyuma, ambazo fimbo zake huvuta raba juu zigande upande wa ndani wa rimu, na kila aliyezitumia anajua kwamba rimu ya chuma ikilowa unabana hadi vidole vinauma na baiskeli bado inateleza kwenda mbele. Mwili unajifunza kubana bila huruma. Sasa nguvu hiyo hiyo, kwa mkono huo huo, niliipeleka bila kujua kwenye gurudumu la mbele la baiskeli yenye breki kali kuliko zote nilizowahi kushika. Gurudumu likasimama papo hapo. Usukani, ambao ulikuwa umeshikwa upande mmoja tu, ukajipinda kuelekea kushoto, nami nikaruka juu ya kikapu nikaanguka kwa ubavu wa kulia, na mkono uliokuwa umenyooshwa kuonyesha njia ndio uliotangulia kugonga lami.

Nilipofumbua macho niliona bampa ya haisi kwa hatua kama mbili kutoka usoni pangu, na chini yake tone la maji likidondoka kutoka kwenye rejeta, kisha la pili. Dereva alikuwa amefunga breki kwa wakati, Mungu ambariki. Konda alikuwa wa kwanza kunifikia. "Mama, tulia kwanza, usinyanyuke," aliniambia, akapiga magoti kati yangu na magari hadi alipohakikisha kwamba naweza kusogeza miguu. Vijana wawili wa bodaboda waliinua baiskeli, mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi pembeni akaleta maji, na sato wangu walirudishwa kwenye mfuko mmoja baada ya mwingine, na mkia wa mmoja una alama ya tairi. Madaftari yote yalipatikana. Hospitali walikuta ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, nikafungwa plasta.

Kwa siku kadhaa niliamini kosa lilikuwa la dereva wa bajaji na la woga wangu, na ni kweli kwamba yeye alisimama vibaya na mimi nilishtuka. Lakini siku ya nne nilimwita mtoto wa dada yangu ainue baiskeli na kuzungusha magurudumu, mimi nikabana kishikio cha kushoto kwa mkono uliobaki mzima. Gurudumu la mbele likasimama. Nikamwomba azungushe tena, nikabana tena, na tena. Nilikaa kwenye kibaraza nikiitazama baiskeli ambayo nilikuwa nimeipanda miezi miwili bila kuijua.

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo hasa napenda mnunuzi ayajue. Hakuna mpangilio mmoja wa breki duniani. Uingereza, ambako wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kanuni zinataka baiskeli mpya inayouzwa iwe na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Japani nako, ambako pia wanaendesha kushoto, ndivyo ilivyozoeleka. Marekani na Ujerumani, ambako magari hupita kulia, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto. Sababu ni rahisi ukiifikiria uko barabarani. Ukataji kona wa hatari ni ule unaokupitisha mbele ya magari yanayokuja, na kwetu huo ni wa kulia. Ukionyesha kwa mkono wa kulia, unabakiwa na wa kushoto peke yake usukanini, na breki inayofaa kubanwa na mtu aliyeshika usukani kwa mkono mmoja ni ya nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma likiganda linaburuzika tu na unaweza kuachia, ilhali la mbele likiganda linakutupa. Kwa Mjerumani aliyeipanda baiskeli hii kabla yangu ilikuwa imepangwa sawasawa. Ilipovuka bahari na kufika kwenye nchi inayoendesha kushoto, mpangilio ule ule ukageuka kuwa mtego.

Isieleweke kwamba breki ya mbele ni mbaya. Ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito wote huegemea mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na mtu anayetumia ya nyuma pekee hachelewi kugonga. Inachotaka ni kubanwa pole pole, kwa mikono miwili iliyonyooka na kiwiliwili kimerudishwa nyuma kidogo. Na inataka mwenyewe ajue iko wapi.

Katika maduka yetu ya mtumba baiskeli za Japani na za Ulaya hupangwa safu moja. Nilirudi kwenye duka lile plasta ilipotolewa, nikabana vishikio vya baiskeli sita zilizokuwa mbele, na nne zilikuwa na breki ya mbele kushoto, mbili kulia. Moja haikuwa na breki ya nyuma ya mkono kabisa, kwa kuwa ni zile za kurudisha pedeli nyuma ili kusimama, jambo ambalo mtu asiyeambiwa anaweza kuligundua katikati ya mteremko. Kijana yule yule alinisikiliza kwa masikitiko ya kweli, akanipa pole, akasema zinakuja hivyo hivyo kwenye kontena na wateja hawaulizi. Ninakubali kwamba wateja hawaulizi. Mimi sikuuliza. Lakini mnunuzi hawezi kuuliza juu ya kitu ambacho hajui kwamba kinatofautiana, na anayeuza baiskeli hizi kila siku ndiye anayelijua. Nilimwomba afunge kipande cha karatasi kwenye usukani wa kila baiskeli kinachosema breki ya mbele iko upande gani. Alisema atamweleza bosi. Nilipopita tena mwezi uliopita karatasi hazikuwepo.

Aliyeiponya baiskeli hii ni fundi mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe huko kwetu Mkuyuni, na kama ningekuwa natoa alama kwa huduma, yeye ningempa zote. Vifaa vyake ni spana chache, karai la maji la kutafutia pancha, na minyororo ya zamani iliyotundikwa kwenye tawi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza nilivyoanguka, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, ulikuwa umenyoosha mkono upi?" Nilipomjibu alitikisa kichwa, akabana kishikio cha kushoto mara moja, akacheka kidogo kwa huzuni kama mtu aliyekutana na kesi anayoijua. Hakujaribu kuhamisha waya uliokuwepo, kwa sababu wa mbele ulikuwa mfupi na usukani ukigeuzwa ungejivuta na kubana breki wenyewe. Alinituma nikanunue waya mbili mpya pamoja na kava zake, jumla shilingi 8,000, akazikata kwa kipimo cha usukani uliogeuzwa hadi mwisho pande zote mbili, akatia grisi kidogo ndani ya kava, na kulegeza breki ya mbele kiasi kwamba inaanza kushika pale kishikio kinapofika nusu ya safari yake. Ufundi alitoza 5,000.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliniambia nitembee kando ya baiskeli nikiisukuma, nibane kushoto peke yake, nisikilize nyuma inavyoburuzika. Nirudi, nibane kulia peke yake, nione namna mkia unavyotaka kuinuka. Tulifanya hivyo labda mara ishirini, mimi na umri wangu, watoto wakitutazama. Ndipo akaniruhusu kupanda. Tangu hapo nikishtuliwa na honi, vidole vya kushoto ndivyo vinavyokaza kwanza, na kinachotokea ni mwendo kupungua tu.

Jambo la pili la kumtahadharisha mnunuzi ni tairi. Ya nyuma iliisha mwezi wa tano wa matumizi yangu. Nilikwenda mjini nikaomba tairi namba 28, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, nikauziwa ile ya 28 × 1½ inayovaliwa na Phoenix na ndugu zake. Fundi alipoiweka ilicheza kwenye rimu kama pete ya mtu mnene kwenye kidole cha mwembamba. Alinionyesha maandishi madogo ubavuni: ile ya zamani ilisomeka 40-622, mpya 40-635. Namba ya mwisho ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita, na milimita 13 za tofauti hazirekebishiki kwa upepo wala kwa nguvu. Muuzaji wa tairi alikubali kunibadilishia, na nilipata inayofaa kwa kutafuta ile inayoandikwa 700 × 38C, ambayo rimu yake ni 622 vilevile. Haipatikani kila duka, na ilinigharimu karibu mara mbili ya ile ya Phoenix. Anayenunua baiskeli ya Ulaya apige hesabu hiyo mapema.

Gia tatu zinatosha. Ya kwanza inanipandisha miinuko ya kawaida, na ile njia ya mawe ya kuingia nyumbani ningeikokota hata kama ningekuwa na gia ishirini. Kengele inasikika. Kikapu ni kizuri, ila uzito wake uko juu ya gurudumu la mbele na unauchezesha usukani, kwa hiyo madaftari sasa nayafunga kwenye keria.

Taa nazo zinahitaji neno. Baiskeli ilikuja na dinamo inayogusa ubavu wa tairi, nayo huwaka vizuri ukiwa kwenye mwendo, lakini ukisimama inazimika, taa ya nyuma pamoja nayo. Mwanza jua huzama karibu na saa moja mwaka mzima, na mwalimu aliyebaki kusahihisha mitihani anarudi gizani. Mahali anapokuwa hatarini zaidi ni pale aliposimama katikati ya barabara akisubiri kukata kona, yaani pale pale ambapo dinamo haitoi kitu. Nimeongeza taa nyekundu ya betri nyuma na mikanda ya kung'aa kwenye keria.

Kwa jumla nimetumia shilingi 230,000 za kununulia, 13,000 za breki, na gharama za tairi na taa. Nauli ninayookoa inarudisha fedha hiyo taratibu, na asubuhi ninapopita Igogo hewa ya ziwa ikiwa bado baridi, magari bado machache, nafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi ndani ya haisi. Ningeinunua tena, katika duka lile lile, ila kabla ya kutoa fedha ningemwomba kijana ainue gurudumu la mbele, alizungushe, nami nibane mkono wa kushoto.

Pale Mkuyuni nimeanza kukata kulia tena asubuhi za Jumamosi, barabara ikiwa tupu. Jioni bado nashuka na kuvuka kwa miguu. Yule mama wa mahindi akiniona hunisalimia na kuniuliza kama mkono umepona, namjibu kwamba umepona.